Mnamlilia Nani? Missa Luba Kati ya Fani na Maudhui

Mwaka jana maestro wa korali yetu hapa Lubumbashi (wenzetu wa Tanzania wangesema mwalimu wa kwaya) alitugawia nakala za nota za Missa Luba ili tuiimbe Pasaka. Jioni moja nilikuwa nyumbani nikifuatisha Kyrie kwenye simu, katika ile santuri ya zamani ambayo siku hizi inapatikana kwa urahisi kwenye intaneti. Bibi yangu mzaa mama, ambaye tunamwita kaku kama ilivyo kwa watu wa Kasai, alikuwa uani anachambua sombe. Aliacha kuchambua, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mnamlilia nani?"

Nikamwambia, kaku, hatumlilii mtu, huu ni wimbo wa misa. Akasema maneno hakuyaelewa, lakini huyo mwanamume anayeanza analia, na wale wengine wanamwitikia kama watu walioketi msibani. Nilipolipeleka swali hilo mazoezini, maestro hakutikisika. Alisema sauti ni chombo tu. Kilichomo ndani ni sala ileile inayosaliwa Roma na Manila, na Pasaka hakuna kilio.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunalijua jibu hilo kwa jina lingine. Tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa kuigawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui, na ingawa walimu wetu husisitiza kwamba viwili hivyo hutegemeana, kwenye mtihani tunaviandika katika kurasa mbili tofauti. Kwa kipimo hicho Missa Luba ni mfano rahisi mno: maudhui ni ya Kilatini, fani ni ya Kiluba. Wengi wanaoisifu huisifu hivyo hivyo, kwamba ni misa ya Roma iliyovikwa vazi la Kiafrika. Katika uhakiki huu nataka kuonyesha kwamba kaku alisikia vizuri kuliko sisi wenye nota mkononi. Vazi hilo lilikuja na mtu wake ndani.

Kwanza niseme kazi yenyewe ni ipi. Kamina ni mji wa njia panda ya reli, leo makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifika hapo padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen. Aliwakusanya wavulana wa shule wapatao 45 pamoja na baadhi ya walimu wao, akaunda korali iliyopewa jina la Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa Mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Missa Luba iliimbwa kwa mara ya kwanza katika misa hapo Kamina mwaka 1958, na mwaka huohuo korali ilizunguka Ulaya, ikaimba pia kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Kampuni ya Philips ikatoa santuri. Sehemu zote zikijumlishwa ni kama robo saa tu: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Benedictus na Agnus Dei. Hakuna kinanda. Kuna sauti za watu, ngoma na manyanga.

Msomaji wa leo, aliyezoea ngoma kanisani tangu utoto, hawezi kuona mara moja ujasiri uliokuwemo. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, Papa Pio X alitoa hati juu ya muziki mtakatifu. Ndani yake alikataza piano kanisani, pamoja na ala za kelele kama ngoma, matoazi na kengele. Papa Pio XII mwaka 1955 aliandika kwa heshima zaidi juu ya uimbaji wa watu wa nchi za misioni, lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungua mlango rasmi kwa muziki wa wenyeji, ulitoa hati yake ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963. Watoto wa Kamina walipiga ngoma mbele ya altare miaka mitano kabla ya hapo.

Ila ujasiri huo usitufanye tusahau jina. Misa inaitwa ya Waluba, waimbaji wanaitwa wa mfalme wa Wabelgiji. Na kwenye maonyesho yaleyale ya Brussels kulikuwa na kijiji cha kuonyesha Wakongo, watu wazima wakitazamwa kutoka upande wa pili wa uzio, mpaka wakachoshwa na dharau za watazamaji wakaondoka kabla ya maonyesho kwisha. Sisemi kwamba korali ilikuwa kitu kimoja na kijiji kile. Nasema kwamba masikio yaliyoipokea misa hii mwanzoni yalikuwa masikio ya namna gani.

Sasa Kyrie. Maelezo yaliyotolewa pamoja na santuri yanasema imefuata mtindo wa kasala ya Ngandanjika, huko Kasai, na yanaieleza kasala kuwa wimbo wa maombolezo. Maelezo hayo ni ya kweli lakini ni mafupi mno. Kasala ni utungo mkubwa katika fasihi simulizi ya Waluba wa Kasai. Patrice Mufuta aliuchapishia kitabu kizima mwaka 1969. Ni utungo wa majina. Fanani husimama msibani, naam, ingawa si msibani peke yake, akawaita waliokufa na walio hai kwa majina yao ya sifa, akataja walitoka wapi, walimzaa nani, walipigana wapi. Anayesikiliza husubiri kufikiwa. Ukoo wake ukitajwa, hutoa kitu, hulia, au hujikaza. Kwa hiyo machozi ya kasala hayatokani na huzuni tupu. Hutokana na kutajwa.

Sikiliza Kyrie ukilijua hilo. Sauti moja ya kiume inaanzia juu, inateremka, na korali inaipokea palepale inapotua. Inaanza tena. Hakuna haraka yoyote, na hakuna pambo la kumfurahisha mtu. Namna hiyo ya kuanzia juu na kushuka ndiyo kaku aliyoitambua kabla hajasikia hata neno. Sala yenyewe inaomba huruma, na wengi wetu tunaisali kana kwamba tunajaza fomu: tumekosa, tusamehe, tuendelee na Utukufu. Fanani wa Kamina ameisikia huruma hiyo kwa namna nyingine. Anayeomba kwa sauti ya kasala anaomba kama mfiwa. Hasemi "nimevunja amri," anasema "nimeachwa." Je, hilo liko katika maneno? Halimo. Liko katika sauti, nalo ni maana kamili, tena maana ambayo mapadri wengi wamejaribu kuieleza katika mahubiri marefu bila kufika hapo. Huwezi kuliweka katika ukurasa wa fani kisha ukaenda zako.

Kuna jambo jingine la lugha ambalo sikulitegemea. Ciluba na Kiluba ni lugha za toni: neno lina mwendo wake wa juu na chini, na ukiubadilisha waweza kubadilisha neno. Ndiyo maana nyimbo za Ulaya zilizotafsiriwa kwa lugha hizi huwasumbua wazee. Sauti ya wimbo inavuta juu pale neno linapotaka kushuka. Kiswahili hakina taabu hiyo, sisi taabu yetu ni mkazo, na kila mwanakorali anajua tenzi ambazo mkazo wake umeangukia silabi ya mwisho mpaka neno linasikika kama la mgeni. Kilatini, kwa Mluba, hakina toni za kulinda. Mwimbaji wa Kamina alipewa maneno ambayo hayakumdai chochote, akawa huru kuyapeleka kule kasala inakokwenda. Ni ajabu kidogo: lugha tunayoilaumu kwa kuwanyamazisha wazee wetu ndiyo iliyoiachia sauti yao nafasi. Kama Haazen angeanza na tafsiri na tuni za Ulaya, kama ilivyokuwa kawaida, tungepata maneno ya Kiluba na kilio cha Kizungu.

Credo inaonyesha jambo hilo kwa nguvu zaidi. Kwa sehemu kubwa inakimbia, ngoma zikiisukuma, kama watu wanaoijua imani yao kwa moyo na hawahitaji kusimama. Inapofika kwenye kusulubiwa, mwendo unavunjika na tunaingia katika namna ya kutangaza kifo kijijini. Nimesikia Credo nyingi ambamo Kristo anakufa na kufufuka katika pumzi ileile. Hapa anakufa kwanza, na kijiji kinaarifiwa.

Sanctus ndiyo maarufu kuliko zote, hasa tangu Lindsay Anderson alipoitumia katika filamu yake If.... ya mwaka 1968, ambamo mwanafunzi Mwingereza huirudia santuri hiyo tena na tena. Vijana wa Ulaya waliisikia kama sauti ya uasi na uhuru. Kwa asili yake imefuata wimbo wa kuagana wa Waluba. Haifiki dakika mbili. Inaanza polepole, sauti zikijaa kidogo kidogo, mpaka Hosanna inapoingia kwa mdundo wa ngoma ya Kasai na kila kitu kinageuka. Kuweka wimbo wa kuagana mahali ambapo Kanisa linaungana na malaika ni uamuzi ambao ningependa kujua ulifikiwaje, maana kwa fikra ya kwanza haufai, na kwa fikra ya pili ni mzuri mno: muda mfupi baada ya Sanctus, katika misa, tunafika kwenye maneno ya mtu anayewaaga rafiki zake mezani. Agnus Dei, kwa maoni yangu, ndiyo dhaifu. Imechukua wimbo wa Bena Luluwa, wa upande wa Luluabourg, mji tunaouita leo Kananga. Ni tamu, lakini inapita kabla hujakaa sawa, nami sijaona inaongeza nini juu ya yaliyotangulia.

Nimesema "uamuzi," na hapo ndipo uhakiki unapokwama. Wa nani? Haazen mwenyewe alieleza kwamba hakuna nota iliyoandikwa kabla. Korali iliibuni misa kwa kuimba, pamoja, kila mmoja akijibu aliyetangulia. Lakini nota zilipochapishwa miaka ya 1960 ili korali za Ulaya na Marekani ziweze kuimba, jina lililopata kusimama juu yake ni la padri. Simlaumu kwa wizi. Bila yeye pengine tusingekuwa na chochote mkononi. Hata hivyo, mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi anafahamu kwamba utungo wa aina hii una fanani, na fanani ana jina, na katika utungo ambao kazi yake ni kutaja majina, kukosekana kwa jina la aliyetunga si kosa dogo la uchapaji.

Na nota zimefanya jambo la pili, baya zaidi kwetu sisi tunaoimba. Zimeshika jioni moja ya mwaka 1958 na kuifanya iwe sheria. Maestro wetu, mtu makini sana, alikuwa akitusimamisha kila tulipoteleza nusu sauti kutoka kilichoandikwa, wakati waliokiimba mara ya kwanza hawakuwa na cha kuteleza kutoka kwacho. Nilianza kuona kwamba tunaiga kumbukumbu ya ubunifu wa wengine kwa uangalifu ambao wao wenyewe wasingeutambua. Kijana wetu wa solo ana sauti nzuri. Lakini hakuwahi kusikia kasala msibani. Alijifunza kulia kutoka kwenye ukurasa, na ilisikika hivyo.

Nieleze sasa kwa nini jambo hili linanihusu. Mama yangu ni wa Kasai, baba yangu ni Mluba wa Katanga. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu mengi. Walikaa majuma na miezi katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakisubiri treni, wengi wakafia hapohapo, na treni zilipokuja ziliwapeleka kaskazini kwa njia ya Kamina, kwa sababu reli ya kwenda Kasai inapita hapo. Kaku alikuwa mmoja wao, kutoka Kolwezi. Alirudi baada ya miaka mingi. Kwa hiyo mji ambao wavulana wake waliimba kasala ya Ngandanjika, ngoma ya Kasai na wimbo wa Bena Luluwa, wakaviita vyote kwa jina moja, Luba, ndio mji ambao miaka 35 baadaye wenye nyimbo hizo walipitishwa ndani ya mabehewa wakirudishwa "kwao." Sidai kwamba misa ingeweza kuzuia lolote. Lakini hii ni kazi iliyowahi kuziweka pande zangu zote mbili katika pumzi moja, na nikiisoma ikisifiwa kama "roho ya Afrika" tu, bila kutaja watu gani na wapi, naona kwamba msifu ameturuka.

Turudi kwenye majina. Kasala ikiingia katika Kyrie inaleta sauti yake yote, ila mikono yake ni mitupu: katika sala ile hutajwa Bwana na Kristo tu. Wafu wa ukoo wamebaki nje ya mlango. Mwaka 1958 isingewezekana vinginevyo. Miaka 30 baadaye Roma iliidhinisha Misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, matunda ya kazi ndefu ya maaskofu wetu, Kardinali Malula wa Kinshasa akiwa mstari wa mbele. Katika utaratibu huo misa huanza kwa kuwaalika watakatifu, kisha wahenga waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Toba imehamishwa, huja baada ya Neno la Mungu. Parokiani kwetu, tunapowaita watakatifu, hatukosi kumtaja Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, sista aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na Mwenyeheri Isidori Bakanja, kijana aliyepigwa mijeledi mpaka jeraha likamuua mwaka 1909 kwa sababu hakukubali kuvua skapulari yake. Hayo ni majina ya sifa kweli kweli. Fanani wa kasala angejua la kufanya nayo: angesema Anuarite alizaliwa wapi, alimjibu nini yule kanali, nani anamlilia.

Lakini sisi tunayaimbaje? Kwa kinanda cha umeme chenye mdundo uliowekwa na kiwanda, kwa mwendo wa furaha usiobadilika, Anuarite na Bakanja na wahenga wote wakipita kama stesheni ambazo treni ya haraka haisimami. Korali inacheza, waamini wanapiga makofi, na baada ya dakika mbili wote wameshaalikwa. Sipingi kucheza, mimi mwenyewe hucheza. Ninachosema ni kwamba Missa Luba ina sauti na haina majina, na misa yetu ya leo ina majina na mara chache ina sauti. Tunajivunia zote mbili kama ushahidi wa utamadunisho, kisha tunaziweka katika makabati tofauti, kama vile fani na maudhui.

Nilimweleza maestro haya, kwa adabu, maana ni mkubwa kwangu na amenifundisha kusoma nota. Hakukubaliana nami juu ya nota. Juu ya Pasaka alinikubalia nusu, tukaimba misa nyingine. Tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, aliirudisha Kyrie peke yake. Kabla ya misa kuanza msomaji alisoma majina ya wafu yaliyoandikwa na familia kwenye vipande vya karatasi, na kwa kuwa vipande vilikuwa vingi, kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko Kyrie yenyewe. Yule kijana wa solo alikuwa amempoteza mjomba wake mwezi wa nane. Jina lilisomwa karibu na mwisho. Alipoanza, alipotea kidogo kutoka kwenye nota, na maestro hakumsimamisha.

Kaku alikuwa benchi la tatu. Njiani kurudi nyumbani alisema tulianza chini mno.